Aliyelala Uwanjani

Kumcheka aliyeanguka ni ukatili uliovikwa vazi la burudani. Juzi, katika hoteli moja ya mtaa wa West Bay, niliwasikia walinzi wakiangua kicheko mbele ya runinga. Timu za makampuni ya Japani zilikuwa zikicheza ligi yao ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa helmeti na kukumbana, na mchezaji mmoja alikuwa hainuki.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, sebuleni kwetu mtaa wa Abu Hamour, mji huohuo, katika harufu ya kahawa na iliki. Baba alikuwa dereva wa Bwana Okabe, mhandisi Mjapani aliyejifunza Kiswahili Nairobi, naye alituwekea kanda ya ligi hiyohiyo. Helmeti ziligongana kwa kishindo, wanaume wakarundikana juu ya mmoja, naye akalala kimya.

"Amekuwa chapati huyo!" mjomba alicheka.

Wachezaji wote walipopiga goti, nilidhani ni wauaji wanaomwomba maiti msamaha. Sikujua kwamba ndivyo wanavyomstahi majeruhi. Nililia kwa sauti.

"Usilie, mwanangu," alisema Bwana Okabe, akikunja suruali na kutuonyesha kovu refu gotini. "Huyo ni mimi."

Kicheko kilimkauka mjomba mdomoni.

Bwana Okabe aligusa kioo cha runinga, pale mpinzani mmoja alipokuwa amemshika majeruhi mkono. "Huyu ndiye aliyeniangusha. Hakuuachia mkono wangu mpaka hospitalini. Anaitwa Moriyama, rafiki yangu hadi leo."