Chungu cha Mchanga Ukweni Mamba

Nimeamua kuisimulia aibu hii mwenyewe, kwa sababu wanaonisimulia pale kijijini kwetu Bendera wameongeza mambo, na wapo wanaodai nilifika ukweni bila suruali, jambo ambalo si kweli (suruali nilikuwa nayo, ila ilishuka magotini, na kwa muda mfupi tu).

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya dhiki, sabuni ikarudi, mitumba ikamwagika sokoni, na duka la dawa la mtu binafsi likafunguliwa Same, ambako siku ukibahatika ulipata insulini. Mama yangu alikuwa na kisukari, na kila asubuhi, kabla hajaweka kitu mdomoni, mimi ndiye niliyemchoma sindano. Kazi hiyo nilifundishwa na muuguzi, nikaongeza kwa kijitabu nilichokisoma mpaka kikachanika, na nilijivunia: bomba la sindano, la kioo, nilichemsha kila mara, leo nilichoma paja la kulia, kesho la kushoto. Jokofu hatukuwa nalo, na Bendera inavyowaka mnaijua, kwa hiyo nilijaza mchanga kwenye chungu, nikaumwagilia maji, nikafukia humo kopo la maziwa ya unga lenye kichupa cha dawa pamoja na bomba lake. Vitu vya kazi moja vikae mahali pamoja, ndivyo nilivyoamini.

Sasa ikafika posa ya mdogo wangu Elifuraha, aliyekuwa amepata mchumba huko Mamba, milimani, nyumba ikajaa vyungu vya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na shangazi yangu akavipanga kwenye kona yenye ubaridi, pembeni ya changu. Wageni walikuwa wengi, kila mtu anachungulia chungulia, nikaona nichukue hatua ndogo tu ya tahadhari: nikakifunga chungu changu mdomo kwa jani la mgomba na kamba ya katani, kama vile vingine, asije mtu akakifungua bure. Na nikakifunga vizuri, jani limekunjwa sawasawa, mafundo yamelingana, kwa sababu mimi jambo nikilifanya nalifanya kwa ukamilifu.

Alfajiri msafara ukaondoka na lori, nikabaki nimchome Mama kwanza kisha nifuate. Nikabandika maji ya kuchemshia bomba, nikanawa kwa sabuni, nikafungua jani, nikatia mkono kwenye mchanga, na mkono ukazama kwenye dengelua mpaka kiwiko.

Nikasimama pale nikichuruzika pombe, nikafikiri kwa utaratibu, na utaratibu wote ukanifikisha mahali pamoja: dawa ya Mama ilikuwa njiani kwenda kunywewa. Kichupa kingine hatukuwa nacho, na Same nako dawa ilikuwa imekwisha. Mama akaufunika uji wake kwa sahani.

"Nenda, baba," akaniambia. "Mimi nitausubiri. Ila usije ukatutia aibu kwa wale watu."

Nikavaa suruali yangu mpya ya mitumba (aliyeivaa huko Ulaya alikuwa mtu mwenye afya), mkanda sikuuona, nikaikaza kwa kamba ya katani, nikadandia lori lililokuwa linapanda kufuata tangawizi. Likapanda likikohoa, na kila kona niliiona akilini kata ya kuchotea pombe ikigonga kopo langu. Karibu na Mamba likagoma kilimani, nikaruka, nikakimbia katikati ya mashamba nikiwaamkia wazee shikamoo bila kusimama kusubiri marahaba.

Kwetu wenyeji ndio wanaochagua chungu, na walioleta pombe huonja kwanza mbele yao, ionekane haina baya. Nilipotokeza uani, mjomba wa binti alikuwa ameshachagua, naye alichagua kile kilichofungwa vizuri kuliko vyote. Baba mdogo, msemaji wetu, alikuwa ameinama na kata mkononi.

"Baba mdogo, usionje," nikapaza sauti. "Kuna sindano humo."

Hebu fikiria wewe ndiye baba wa binti, na ndugu wa mposaji anakuja mbio, ananuka dengelua mpaka kiwiko, anawakataza watu wake kuonja pombe waliyokuletea wewe. Wazee wakarudisha viti nyuma. Kata, ambayo ilikuwa imeshashuka, ikatoka imejaa mchanga.

"Mmetuletea mchanga," mjomba akasema, polepole.

Shangazi yangu alidhani ananong'ona. "Ndiyo maana kilikuwa kizito. Nami nikasema hiki kimejaa vizuri."

Nikapiga magoti nikachimba kwa mikono miwili, na hapo ndipo kamba ya katani iliponisaliti (shati lilikuwa refu, namshukuru Mungu). Nikatoa kopo, nikakiinua kichupa kwenye mwanga: kizima, cha baridi, hakina mabonge.

"Ni dawa ya Mama," nikasema. "Hajala tangu jana. Ananisubiri."

Bibi wa binti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, kicheko kikahamia jikoni kwa wanawake. Mjomba hakucheka. Alisema posa itasikilizwa, lakini mchanga hauwezi kupita hivi hivi, kwenye mahari ataongezwa mbuzi mmoja, na ataitwa mbuzi wa mchanga.

"Sasa vaa, mkwe," akamalizia, "umpelekee mama yako dawa."

Kutia kopo mfukoni sikuthubutu, jua lilikuwa limeshakuwa kali, kwa hiyo nikateremka na chungu chenyewe kichwani, mkono mmoja umeshika chungu, wa pili suruali, na wale wazee wa asubuhi, safari hii, wakasimama wanitazame vizuri. Nyumbani nikachemsha bomba, nikamchoma Mama paja la kushoto, ambalo ndilo lililokuwa na zamu.

"Wamekubali?" akauliza, akifunua uji uliokwisha kuganda.

"Wamekubali. Ila wanataka mbuzi wa mchanga."

Nilipomweleza, aliweka kijiko chini ili acheke vizuri.

Tangu siku ile sifungi chungu jani, hata kiwe kitupu. Cha dawa nilikipaka rangi nyekundu, nikakifunika kwa sahani, nikakiweka chini ya kitanda cha Mama, na pombe ni marufuku kuingia chumba hicho. Lakini siku bibi harusi alipoletwa kwetu, shangazi zake walitua mbele yangu chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba, mafundo yamelingana, wakataka nionje kwanza. Nilishika suruali, ndipo nikainama. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe wa kijito cha Mamba, umelowa, wa baridi, wa kuwekea dawa ya Mama.