Nyamhanga Anajifunza Kusuka

Kijiji kizima cha Nyambureti kilimjua Nyamhanga kwa mgongo wake. Ukipita mashineni unamkuta ameinama, amekamata hendeli kwa mikono miwili, anaizungusha injini ya dizeli mpaka inakohoa, inatema moshi, inakubali. Mgongo huo ndio uliosomesha watoto na kupandisha mabati. Mtu akisema "fundi" bila kutaja jina, alikuwa anamsema yeye.

Kisha umeme ukafika. Siku taa zilipowaka Nyamhanga alicheza kuliko wote, maskini, asijue anacheza kwenye msiba wake mwenyewe. Nashoni, mwenye mashine ya kusaga, aliing'oa dizeli akafunga mota, na mota huwashwa kwa kidole kimoja. Fundi akabaki na mgongo wake.

Lakini mota nazo huungua. Ikiungua, waya wa zamani hutolewa, na mpya wa shaba, mwembamba, hupangwa mzunguko kwa mzunguko ndani ya chuma. Mafundi huiita kazi hiyo kusuka. Nashoni alikuwa akizipeleka mota zake Tarime mjini, mpaka Bhoke, mke wa Nyamhanga, akasikia kwamba Mugumu kuna kozi ya kusuka mota.

"Baba Sarah, si ukajifunze?" akasema. "Kazi imehama. Na wewe hama nayo."

Kilabuni walicheka hadi pombe ikamwagika. "Mura, mwanamume mzima unakwenda kujifunza kusuka? Ukirudi utusuke na sisi!" Nyamhanga aliumia, lakini akaenda.

Mwalimu alikuwa Samira, binti wa mfanyabiashara wa pale Mugumu, rika la Sarah, kitinda mimba wa Nyamhanga. Siku ya kwanza Nyamhanga alisimama wima kama mwanafunzi mwenye adabu. "Shikamoo, mwalimu!"

Samira akaruka. "Mzee wangu, usinitafutie laana! Shikamoo wewe."

"Marahaba," akajibu Nyamhanga, akaketi. Tangu siku hiyo mwalimu akawa anamwamkia mwanafunzi kwanza, ndipo somo lianze.

Shikamoo ilikuwa rahisi. Waya ndio uliomtoa jasho. Aliuvuta kama anayemkwamua ng'ombe matopeni, akaukwangua gamba lake la kuzuia umeme, na waya uliokwanguka ukimgusa mwenzake, mota haina maisha. Mota yake ya kwanza ilitoa moshi mbele ya darasa zima. Ya pili ikafuata nyayo za dada yake. Samira hakumgombeza, na kwa hilo Nyamhanga humwombea dua mpaka leo, ingawa yeye ni Mkristo na binti ni Mwislamu.

"Baba, nguvu ndiyo inayoharibu hapa," alimwambia. "Lainisha vidole. Bila hivyo kozi itaisha na mota hutaiweza."

Jumamosi akarudi nyumbani amenuna. Akamwambia Bhoke basi, imetosha, anakwenda Nyangoto kuchimba dhahabu na vijana. Bhoke, ambaye alisuka nusu ya wanawake wa kijiji, hakubishana. Alifumua nywele zake, akaketi kwenye mkeka mbele ya mumewe, akampa kitana.

"Suka."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa? Nisuke ule mtindo wa twende kilioni, mistari inyooke. Ukivuta sana utaniumiza, ukilegeza zitafumuka."

Ilikuwa uani, mchana kweupe, watu wakipita kwenda kisimani. Mama mmoja alisimama, akarudi kumwita mwenzake aje ashuhudie. Nyamhanga akavuta, Bhoke akapiga ukelele. Akalegeza, zikafumuka. Kesho yake Bhoke aliingia kanisani bila kitambaa, mistari imepinda kama njia za mbuzi, na alipoulizwa ni nani huyo kamharibu kichwa, alijibu kwa sauti: "Mume wangu." Ikawa hivyo kila Jumamosi, mpaka mistari ikanyooka na Bhoke akawa anasinzia huku anasukwa. Na kule chuoni, mota ya Nyamhanga ikazunguka bila moshi.

Alimaliza kozi wakati wa mavuno. Haikupita muda mota ya Nashoni ikaungua, magunia yamepanga foleni hadi barabarani.

"Mura, nakupa wewe," Nashoni akasema. "Ila ikiungua tena, hapa mashineni usikanyage na koleo zako. Jina la fundi nitampa mwingine."

Nyamhanga akaisuka. Akaipaka vanishi, akaiacha ikauke, akaifunga. Watu walikuwa wamejaa, na waliomcheka kilabuni walikuwa mstari wa mbele. Akabonyeza swichi. Mota ikaguna, ikashika kasi, unga ukaanza kumwagika. Watu wakasubiri moshi. Moshi haukuja.

Nashoni alimkumbatia mpaka wote wawili wakawa weupe kwa unga. "Fundi! Ni yule binti wa Mugumu kakufundisha haya?"

Wanaume wa umri wa Nyamhanga hawana mazoea ya kumsifu mke mbele za watu. Husifu ng'ombe. Lakini siku hiyo shukrani ilikuwa imemjaa kifuani na haikuwa na pa kukaa tena.

"Yule alinifundisha umeme, Mungu ambariki," akasema. "Vidole nilipewa na huyu." Akamwonyesha Bhoke, aliyekuwa kwenye foleni na debe la mtama kichwani. Akavua kofia. "Mama Sarah, umenirudishia jina langu. Asante."

Bhoke akatua debe lake chini, akalia pale pale mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyecheka.