Neno la Baraka

Leo nimeokolewa na neno ambalo darasa letu hulicheka.

Mnajua siongei mbele ya watu. Lakini mwalimu wa Kijerumani alikuwa anachagua mtu mmoja wa kwenda mashindano ya kuzungumza mjini Jumamosi, na mimi nilitaka sana kwenda.

Mada yangu ilikuwa maneno ya biashara ya Kijerumani. Nikaeleza kwamba Konto (akaunti), Saldo (salio), Netto (kiasi kinachobaki baada ya makato) na Risiko (hatari ya hasara) yote yametoka Italia, kwa wafanyabiashara wa zamani.

Mpaka hapo sawa. 

Mwalimu akauliza, "Na katika Kiswahili, Wajerumani walituachia neno gani la biashara?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Baraka, aliyehamia kwetu kutoka Taveta, mpakani na Tanzania, akasema kwa sauti, "Mwalimu, mwache tu. Ameishiwa kama mtu asiye na hela!"

Darasa likalipuka. "Hela! Mtanzania huyo! Sema pesa!" Kila siku humtania hivyo.

Mimi nikainua kichwa.

"Hela," nikasema. "Ndilo hilo. Limetoka kwa Heller, sarafu ya Wajerumani walipotawala Tanganyika. Nayo ilirithi jina la sarafu ya kale ya Ujerumani, iliyotengenezwa kwanza katika mji wa Hall."

Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu akaandika jina langu ubaoni: mimi ndiye wa Jumamosi.

Baraka akanyoosha mkono. "Mwalimu, na langu je? Neno ni langu!"

Jumamosi anakuja kunishangilia. Nyinyi kwenu pesa mnaiitaje? Niambieni, nina siku chache za kujiandaa.