Kukonda kwa Emmaculate

Emmaculate alipokuwa mnene, hakuna aliyemuuliza swali. Mjini Migori, miaka ya tisini, mama mwenye hoteli alitakiwa kuujaza mlango wake, la sivyo wateja wangejiuliza chakula chake kina kasoro gani. Naye aliujaza. Mumewe Chrispine, fundi wa magari, alipongezwa barabarani kwa kumtunza mke vizuri, ilhali aliyekuwa akipika ni mke mwenyewe. Wanaume wana bahati zao.

Lakini unene ule ulikuwa na siri zake. Kubeba ndoo ya maji kutoka mferejini hadi jikoni kulimlazimu asimame njiani, ashike ukuta, moyo ukimdunda mpaka masikioni. Kichwa kilimgonga kila asubuhi. Siku alipoanguka kando ya jiko, nesi wa zahanati alimfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akaguna.

"Mama, hii presha itakumaliza. Meza dawa, punguza chumvi, na huo mwili uufanyishe kazi."

Ndipo akaenda kwa mwalimu Benta, ambaye jioni aliwafundisha kina mama erobiki katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Kaseti inalia, hatua mbele, hatua nyuma, goti juu, mikono hewani. Mji mzima ulivunjika mbavu kwa kicheko. Wanawake wazima kurukaruka kama watoto! Emmaculate alivaa kaptura ya mumewe, akajifunga leso juu yake, akaingia.

Wiki ya kwanza ilikuwa adhabu. Mapaja yalikaza hata kuchuchumaa chooni kukahitaji sala.

"Ukiweza kuongea huku unacheza, uko sawa," Benta aliwaambia. "Ukiweza kuimba, unanidanganya. Ukishindwa hata kuongea, pole pole."

Emmaculate hakuweza hata kutukana, na alitamani sana. Lakini alirudi, akarudi tena. Miezi ikapita, pumzi ikaja. Usingizi wake wa mang'amung'amu ukawa mzito, magoti yakaacha kulalamika, ndoo ikafika jikoni bila kutuliwa. Nesi alimpima presha, akapima tena kwa kutoamini macho yake. Sketi nazo zikaanza kumvuka.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Miaka ile ukimwi ulikuwa unabisha hodi kila boma, na kila aliyekonda alizikwa kwa maneno kabla hajaugua. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wateja wakahamia hoteli ya jirani. Shangazi zake Chrispine wakanong'ona kwamba ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomshika aliyevunja miiko ya ukoo. Chrispine alikula chakula cha mkewe, akashiba, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimuudhi Emmaculate kuliko maneno ya mji wote.

Mwezi wa nane ukoo ulikusanyika Kendu Bay, kwa mama mkwe, kumkumbuka marehemu baba mkwe. Siku kama hiyo wake wa boma ndio wanaosonga ugali wa wageni, na kunyimwa mwiko ni kuambiwa wewe si wa hapa tena. Emmaculate alikuwa akiusonga ugali wa boma lile tangu aolewe. Alipoinama kuchukua mwiko, Terry, mke wa shemeji yake, aliuvuta.

"Nyar Suna, wewe kaa tu kwa kivuli," Terry alisema, akimwita binti wa Suna, kwa jina la kwao alikozaliwa, kama ilivyo desturi. "Umekonda sana. Wageni watakataa kula."

"Wageni gani? Wataje."

Terry akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua macho:

"Kama huna kitu, nyar Suna, si uende upimwe ulete karatasi tuone? Hii maneno iishe."

Damu ya Emmaculate ilikuwa imeshapimwa, na ilikuwa safi. Neno moja tu na mwiko ungerudi mkononi mwake. Lakini alimkumbuka Awino, binti wa mama huyu huyu, aliyefia katika boma hili kwa ukimwi mwaka uliotangulia. Walimtengea sahani yake, kikombe chake, mkeka wake. Mwishowe alikuwa akila peke yake nyuma ya nyumba, akiwasikia wenzake wakicheka ndani. Hasira ikampanda Emmaculate, na hakuizuia.

"Sileti karatasi!" Sauti ilifika hadi kwa wanaume waliokaa chini ya turubai. "Nimekonda kwa kucheza, na bado nitacheza. Na hata ningekuwa nao, mama, ningekuwa bado mke wa hapa. Awino alikuwa mtoto wa hapa, mkampea sahani yake kama mbwa. Mimi hiyo sahani sishiki."

Akamnyang'anya Terry mwiko. Maji yalikuwa yanatokota, akamimina unga, akaanza. Ugali wa umati ni kazi ya mabega na pumzi. Zamani alisonga kidogo tu akawaachia wenzake, macho yakiona giza. Sasa alitanua miguu, akalegeza magoti, mwili mzima ukaufuata mkono. Jasho lilimtiririka na bado aliweza kuongea, na aliongea sana.

"Asiyetaka asile! Kendu Bay ina hoteli!"

Chrispine aliinuka mbele ya kaka zake wote, akaja jikoni ambako mwanaume hatarajiwi, akashika sufuria kwa gunia bichi isizunguke. Amechelewa, Emmaculate aliwaza, lakini amekuja.

Wageni wengi walikula. Wengine walisema wameshiba chai. Emmaculate alipakua chake, akaketi mkekani katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu alimwona, na hakuna aliyemfuata. Kisha mama mkwe akaja taratibu, akaketi, akanawa. Alimega ugali kutoka sahani ile ile, akautafuna kwa muda mrefu.

"Awino aliniita siku moja nikule na yeye," alisema. "Nikamwambia nimeshiba. Na sikuwa nimekula tangu asubuhi."

Emmaculate hakumwambia yaishe. Alimsogezea samaki, wakala.