Kazi ya Kusimama

Kwa miaka kumi na minane, mzee waliyemwita Babu Sponji alilipwa kwa kusimama. Kila mwanaanga aliporudi duniani, watafiti walimpandisha juu ya sponji nene, wakamfumbisha macho, wakahesabu sekunde mpaka ayumbe, maana huko juu sikio la ndani husahau chini ni wapi. Kisha Babu Sponji, ambaye hata ndege hajawahi kupanda, alisimama pale pale ili wapate kulinganisha.

Leo mwanaanga aliyetua jana alianguka kwenye sekunde ya tisa. Babu Sponji akajikokota, akapanda, akafumba macho. Sekunde ya nane alijikuta mikononi mwa daktari.

“Hii sponji mmeibadilisha!” akafoka.

“Ni ile ile, mzee wangu.”

Akajibwaga kitini, hoi. “Haya, na huyu kijana wenu atakaa sawa lini?”

“Wiki mbili tu, atakuwa amezoea.”

“Na mimi?”

Daktari alifunga daftari taratibu.

“Mzee, nyumbani kuna mtu wa kukushika mkono?”