Mafuta Niliyoyaficha kwa Sabuni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ni ya mwaka wa pili wa korona, nilipokuwa naendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, katika yadi ya malori kule Ingleburn, ughaibuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilitoka nyumbani Doonside kwa treni, barakoa usoni, barua ya ruhusa ya kazi mfukoni, maana watu wengi walitakiwa kubaki nyumbani. Mama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nyumba nzima ilinitegemea mimi.

Asubuhi hiyo nilitoboa pipa la mafuta ya mashine kwa uma wa foklifti. Mafuta yakatambaa kwenye saruji hadi karibu na mtaro wa mvua. Utaratibu tuliufahamu wote: mwaga chembechembe za kunyonya mafuta, mwite bosi, jaza fomu. Ile fomu ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa ya Kiingereza, na mimi niliishia shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Hata leo naandika polepole. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa mafuta.

Nikachukua dumu la sabuni ya maji. Miezi ile sabuni ilikuwa jibu la kila kitu. Tulioshea mikono, vitasa vya milango, hata ndizi kabla ya kuzimenya, na usicheke, ni kweli. Nikamwaga, nikasugua kwa ufagio, nikafungulia maji. Mafuta meusi yakageuka kama maziwa, yakaingia mtaroni. Saruji ikang'aa. Nilijisifu moyoni.

Mzee Katana akashuka kwenye lori lake. Alikuwa dereva, mtu wa Mombasa, na zamani alikuwa baharia.

"Eh, binti, usafi wa Krismasi huu! Anakuja waziri?"

"Hapana, mzee. Palikuwa na uchafu kidogo."

Akainama, akashusha barakoa, akanusa.

"Mafuta yako wapi?"

"Yameisha."

"Hayajaisha. Umeyaficha."

Akanieleza, taratibu, bila kunigombeza. Alipokuwa baharia, meli ilivuja karibu na bandari moja, nao wakatumwa kunyunyiza dawa juu ya mafuta. Doa likapotea, wakapiga makofi. Kumbe mafuta yalivunjika kuwa matone madogo mno, yakashuka chini yaliko mayai ya samaki na kamba wachanga. Hao hawana pa kukimbilia, na dawa ikichanganyika na mafuta inaweza kuwaumiza kuliko mafuta peke yake.

"Sikatai, ndege na mikoko vilinusurika," alisema. "Mara nyingine wakubwa huchagua hivyo, wakijua wanaokoa nini na wanatoa nini. Wewe hukuchagua kitu, binti. Wewe umefuta ushahidi. Na huo mtaro hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Unatokea kwenye kijito hapo nyuma, kijito kinaingia mtoni, mto unaingia baharini."

"Utamwambia bosi?"

"Mimi? Sina la kumwambia. Wewe ndiye unalo. Lakini tazama mawingu."

Nilitazama. Mvua ilikuwa inakuja. Nikinyamaza, ingesukuma yote yaliyobaki kwenye shimo la mtaro hadi kijitoni, na hakuna ambaye angejua. Nikisema, ningeweza kufukuzwa, na mama yuko kitandani. Nikaegemeza ufagio ukutani. Kisha nikaenda ofisini.

Bosi aliuliza jambo moja tu: kwa nini hukuniita? Wakafunika mdomo wa mtaro kwa mkeka wa mpira, likaitwa lori la kufyonza maji machafu. Lilimaliza kufyonza shimo la mtaro kabla ya mvua. Lakini fundi wake aliniambia kuwa yaliyokwisha kupita hayakusanyiki tena. Mafuta matupu yangeelea, wangeyazuia na kuyazoa. Yaliyochanganywa na sabuni yalikuwa yamekwenda na maji.

Sikufukuzwa. Niliondolewa kwenye foklifti miezi miwili, nikafagia. Kila saa ya chakula nilikwenda kwenye uzio kutazama kijito. Sikuona doa, wala samaki aliyekufa. Maji yalikuwa maji tu. Hadi leo sijui niliua nini, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningekijua ningeweza angalau kukitaja.

Basi sikiliza. Utakosea, kama sisi sote. Ukikosea, usikimbilie kufanya kosa lisionekane. Liache juu, palepale lilipomwagika, likiwa baya na la aibu, uite watu mapema, maana kinachoonekana bado kinaweza kuzolewa. Na ukiambiwa dawa fulani imemaliza tatizo, uliza limehamia wapi, na nani anaishi huko.

Mungu akupe ulimi mwepesi siku ya kosa lako, akuweke karibu na watu watakaokusikiliza bila kukudharau, na maji utakayopita kando yake yawe na uhai. Amina.