Namba Ambayo Ketsia Anaijua kwa Kichwa

Nianze na kazi, kwa sababu kazi njo ilinifundisha ubishi. Miaka ishirini na minane nilikuwa Bendera, kwenye santrali ya umeme unaokuja huku Kalemie. Nilikaa mbele ya mashine, nikasoma mishale ya vipimo, na kila saa nikapiga simu mujini kusema mishale inaonyesha nini. Simu ya kazi ilikuwa na sheria moja ambayo shefu alitupigia kichwani mpaka ikaingia kwenye damu: anayepiga anajitaja kwanza. Jina lake, kazi yake, na anapiga akiwa wapi. Asipojitaja unaweka simu chini. Huko mbele kuna mutu amepanda nguzo, mikono yake iko kwenye waya. Ukifungua umeme kwa sauti usiyoijua, umeua mutoto wa watu. Wenzangu walinitania, wakasema hata muke wangu akinipigia nitamuuliza anafanya kazi gani. Waseme. Mimi Damien Kilunga nilitoka kwenye kazi ile na mikono safi.

Muke wangu aliitwa Claudine. Namba ya simu ninayotaka kuwaeleza aliinunua yeye, hapa sokoni, mimi nikiwa Bendera. Muuzaji aliomba karte ya uchaguzi, Claudine akatoa yake, wakaandika jina lake, kisha akanitumia kadi ya ile namba kwa lori ya kazi. Nani aliangalia mambo ya majina? Hapa kwetu watu hununua kwa karte ya shemeji, ya jirani, hata ya muuzaji mwenyewe. Nikaitumia, ikawa yangu, na kila mutu aliyenijua aliijua.

Claudine alikufa kule Bendera, alikokuja kukaa na mimi, mwaka uleule niliopumzika kazi. Tumbo, wiki mbili, basi. Tukamuzika huko, mimi nikarudi kwenye nyumba yetu ya Kataki, hapa Kalemie, na binti yetu mumoja, Ketsia. Huyo naye akaolewa na Chris, kijana wa upande wa Baraka, mufanyabiashara wa ziwa, mwenye adabu, sina neno juu yake. Wakaenda kutafuta maisha Mpulungu, upande wa Zambia.

Mara ya mwisho Ketsia alinipigia kwa simu ya kuazima. Nyuma yake nilisikia watu wakipakua mizigo.

"Papa, simu yetu iliibwa, na vitu vyote pamoja nayo," akasema. "Biashara imekufa. Tunaondoka hapa, hata Chris hajui vizuri tutafikia wapi. Usibadilishe namba yako. Hiyo njo moja tu ninayoijua kwa kichwa."

"Sibadilishi," nikamwambia.

"Hata ukipewa simu mupya, namba ni ileile."

"Ketsia, nimesema sibadilishi."

Nilisema kwa ukali, njo sauti yangu, Mungu alinipa hiyo. Simu ikakatika. Huo ulikuwa mwisho wa kumusikia.

Nilikwenda bandarini kuuliza wenye maboti. Mumoja alisema aliwaona Mpulungu wakingojea lori, mwingine alisema hapana, walikwisha kwenda bara zamani. Zambia ni kubwa. Nikarudi nyumbani kungojea, na kungojea ni kazi mbaya kuliko ya santrali, maana hakuna anayekuja kukupokea zamu.

Niliweka simu kwenye mufuko wa shati. Nilikwenda nayo shambani, chooni, kwenye misa, na padri aliponiangalia kwa sababu sikuizima nilimuangalia na mimi. Ugali wa mutu mumoja nao hauna ladha, nilikuwa ninapika siku moja na kula siku mbili. Waliokuwa wananipigia ni kampuni tu. Sauti ya mwanamuke iliyorekodiwa, inasema Kifaransa kizuri, inanialika niingie kwenye muchezo wa bahati. Nitasema ukweli hata kama ni haya kuusema: niliisikiliza mpaka mwisho. Nyumba yangu haikuwa na sauti nyingine.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu wezi wa simu wakaingia mutaani kwetu. Mama Anne-Marie, anayeuza unga kwenye kona, alipigiwa na mutu aliyejiita wa kampuni, akamutajia namba yake ya siri, na mutu yule akamaliza pesa zake zote za kwenye simu. Mama yule alilia wiki nzima. Siku ya Mungu wakatangaza kanisani: musitaje mambo yenu kwa simu, hata mupigaji awe na sauti ya malaika. Watu wakatikisa vichwa kama jambo jipya. Mimi nilicheka. Mimi nilikuwa ninajua hayo tangu wao hawajazaliwa.

Katika wiki ileile simu yangu ikalia. Ilikuwa asubuhi, mikono yangu ina sabuni.

"Allo, bonjour. Ninaongea na Madame Claudine?"

Nilisimama pale na maji yanadondoka. Jina lile lilikuwa halijatoka kwenye kinywa cha mutu mwingine kwa muda murefu sana. Watu husema marehemu, husema mama wa Ketsia. Claudine, hivihivi, kama mutu ambaye ametoka kidogo na atarudi, hapana.

"Anayepiga anajitaja kwanza," nikasema.

"Ni kampuni ya simu, Papa. Tunahakikisha majina ya wateja. Madame yuko karibu?"

"Jina lako."

"Mimi ni ajenti wa kampuni."

"Ajenti si jina. Mama yako alikuita ajenti?"

Nikakata. Mungeniuliza kwa nini sikusema tu kwamba amekufa. Ni neno fupi, nalijua. Lakini sikuwa nimelisema kwa mugeni hata mara moja, na sikutaka kuanza na mutu asiyekuwa na jina.

Siku tatu baadaye akapiga mwanaume. Huyu alitaka tarehe ya kuzaliwa ya Madame, na namba iliyo kwenye karte yake ya uchaguzi. Nikamuuliza kama na meno yake anataka kuyahesabu. Akacheka, na kucheka kwake njo kulinikasirisha zaidi.

Wa tatu alikuwa musichana, sauti ya upole, na juu ya sauti ya upole nilikuwa nimekwisha kuonywa.

"Papa, nakusikia unavyoogopa, na una haki," akasema. "Usinitajie kitu. Lakini mwenye namba asipojulikana, itafungwa nyuma ya siku kumi na tano. Njoo kwenye biro yetu, ile karibu na soko, na karte mukononi. Utauliza wewe mwenyewe."

"Mwambie aliyekutuma kwamba mumekosa nyumba," nikasema.

Jioni nikamueleza Évariste, jirani yangu, mwalimu wa zamani, mutu ambaye hasemi haraka. Nilimueleza kwa majivuno, nikimuigiza yule musichana. Évariste hakucheka.

"Umefanya vizuri kutotaja," akasema. "Lakini mwizi hakuambii uende biro, Damien. Kwenda kuuliza kuna hasara gani?"

"Mimi niende kuuliza wezi kama wao ni wezi?"

"Ni mwendo wa nusu saa."

"Miguu yangu si ya kutumwa na simu."

Sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo sikio lilikuwa langu. Kwa siku kumi na tano nilipita mbele ya biro ile mara mbili nikienda sokoni. Niliona mulango wazi, niliona watu kwenye viti. Sikuingia.

Siku ya kumi na sita nikataka kumupigia Évariste, simu ikaniambia haiwezi. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa batri, nikaipanguza kwa shati, nikarudisha. Alama ya rezo, ya mtandao, ilikuwa imekufa. Hapo njo nilikimbia, mimi muzee, mpaka biro, kofia mukononi.

Musichana wa kwenye dirisha aliangalia mashine yake. Sijui kama njo yule wa sauti ya upole, na sikuthubutu kuuliza.

"Namba ni ya Madame Claudine," akasema. "Mwenyewe yuko wapi, Papa?"

"Amekufa."

Nililisema mbele ya watu sita waliokaa, na hakuna kilichoanguka.

"Pole sana, Papa. Kama tungejua siku tulipokupigia, tungekuonyesha namna ya kuiweka kwenye jina lako. Sasa ni lazima ulete karatasi ya kifo. Ufanye upesi, namba iliyofungwa haikai sana, inapewa mutu mwingine."

Karatasi ya kifo sikuwa nayo. Tulimuzika kama watu wanavyozika, na padri, na wimbo, na machozi; nani alikumbuka biro? Ilinipasa kwenda kuiomba Bendera, na mvua ilikuwa imekata barabara. Niliondoka, nikalala njiani, nikangojea lori, nikangojea mwenye muhuri ambaye alikuwa amekwenda kwenye matanga ya kwao. Niliporudi Kalemie na karatasi yangu, miezi mitano ilikuwa imepita. Musichana aliisoma yote kwa heshima. Halafu akageuza mashine kidogo ili nione, ingawa sikuelewa kitu.

"Imekwisha kupewa mutu, Papa. Jina lake siwezi kukuambia, haturuhusiwi."

Alikuwa na haki. Hilo njo linaloniuma mpaka leo, kila mutu kwenye mambo haya alikuwa na haki. Kukataa kutaja siri kwa simu hakukuwa kosa, nitarudia kukataa kesho. Kosa langu lilikuwa nusu saa ile ya kutembea. Nilitumia kiburi mahali pa miguu, na aliyelipa ni mutoto wangu, popote alipo, anayebofya namba moja tu anayoijua.

Nilipata namba mupya, kwa jina langu, kwa karte yangu. Ilikaa kwenye mufuko wa shati kama jiwe, hakuna aliyeijua isipokuwa Évariste. Kila siku ya Mungu nyuma ya misa nilipiga ile ya zamani. Kwa wiki nyingi sauti iliniambia haipatikani. Halafu siku moja ikalia huko, nami nikaketi chini, kwenye ngazi ya kanisa.

"Allo?" Sauti ya musichana.

"Mimi ninaitwa Damien Kilunga, niko Kalemie, nilikuwa mufanyakazi wa umeme," nikasema mbiombio. "Hiyo namba ilikuwa yangu. Ninataka tu kuuliza kama..."

Akakata. Ningefanya vilevile. Siku ya Mungu iliyofuata akakata tena, na ile nyingine. Mara ya nne alingojea kidogo.

"Papa, unataka nini kwangu?"

"Sitaki jina lako, wala mahali unapokaa. Niambie kitu kimoja tu. Kuna mutu aliyepiga akimutafuta baba yake?"

Nilisikia treni inavuta mabehewa huko alipo, na watu wanaitana.

"Ulisema wewe ni Damien?"

"Ndiyo."

"Alipiga mama mumoja," akasema polepole. "Namba yake ilikuwa ya inchi nyingine. Ni zamani kidogo, nilikuwa ninaitumia wiki ya kwanza. Akasema, Papa? Nikamwambia hapa hakuna Papa, hii namba ni yangu, nimeinunua. Akasema haiwezekani, Papa hawezi kubadilisha, alinipa neno lake. Akasema miaka hii walikuwa bara, mahali pasipo na rezo, njo kwanza wametoka. Akaniuliza kama ulikufa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Kweli sikujua, Papa. Halafu akauliza kama ninajua mahali walipokuzika."

Watu walikuwa wanatoka kanisani, mama mumoja akanisalimia, nikainua mukono. Yu hai. Nilishika neno hilo kwanza, kwa mikono miwili: Ketsia yu hai. Halafu lile lingine likafika. Huko aliko kuna siku alikaa chini, akavaa kitambaa cha matanga, akanililia, na labda Chris alimushika bega.

"Namba aliyopigia unayo?"

"Simu yangu ni ndogo, imekwisha kuifuta. Unisamehe."

"Huna kosa, binti yangu. Una kalamu?"

"Iko hapa."

Nikamupa yote. Jina langu na la baba yangu, siku niliyozaliwa na mahali, Moba, kisha mutaa wa Kataki, nyumba ya tano kutoka kisimani, namba yangu mupya, hata namba ya karte ya uchaguzi, nilikuwa nimeitoa mufukoni ninamusomea.

"Papa," akanikatiza, "vitu hivi havitajwi kwa simu. Hunijui."

"Andika."

Akaandika. Akaniambia jina lake, sikumuomba, Elsa, anauza chakula kwenye gare ya treni ya Kabalo. Akaniambia namba ile hataiuza wala kuitupa.

"Na akipiga tena," akauliza, "nianze kumwambia nini?"

"Anza na hili, kabla ya salamu, asije akakata," nikasema. "Mwambie sijafa."